Miaka 14 na blogu yangu: niliyoyapata, na niliyoyapoteza kwa ujinga wangu mwenyewe

#1 Karani_wa_58

Wadau, habari za jioni.

Juzi stima ilipotea hapa Buruburu, kijana wa jirani akanikuta nimekaa kwenye ngazi. Akaniambia anataka kufungua blogu, nimpe siri ya kazi, maana amesikia niko nayo tangu yeye akiwa shule ya msingi. Nikamjibu siri sina, nina makosa. Akasema basi leta makosa. Stima ikarudi kabla sijafika nusu, akakimbilia mpira, nikabaki na hadithi mdomoni. Ndiyo maana niko hapa.

Nilianza Machi 2011, kwa Blogger, ile ya bure. Wakati ule Nairobi ilikuwa na homa ya blogu. Nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa 2009, tukaanza kusahau intaneti ya setilaiti iliyokuwa ikitambaa. Mwanablogu Ory Okolloh na wenzake walikuwa wameshaonyesha kwamba mambo yanayoanzia kwenye blogu ya mtu mmoja yanaweza kuzaa kitu kama Ushahidi, ile tovuti ya kukusanya taarifa za ghasia za baada ya uchaguzi, Januari 2008, nchi ikiwaka. iHub, kituo cha vijana wa teknolojia, ilikuwa imefunguliwa Ngong Road mwaka mmoja nyuma. Kila mtu alikuwa na blogu au alikuwa karibu kufungua.

Mimi sikuwa na laptopu. Nilikuwa naandika kwenye daftari ndani ya matatu namba 58 nikitoka kazini. Foleni ya Jogoo Road ikiwa ndefu napata kurasa mbili, ikiwa fupi nusu ukurasa. Jumamosi naingia saiba moja ya Moi Avenue, shilingi moja kwa dakika, nachapa kama mtu anayefukuzwa. Ile saa ya pembeni ya skrini ilinifundisha kufupisha maneno kuliko mwalimu yeyote. Siku hizi nina intaneti ya mwezi mzima nyumbani na makala zangu zimeota kitambi.

Kichwani nilikuwa na msomaji wangu. Hata sura yake naikumbuka: mtu mzima, miwani, amekaa mkahawani na chai yake, ana muda wa kusoma maneno elfu mbili juu ya zile nyumba za mawe za mtaa wa Kaloleni, hapa Nairobi, za miaka ya 1940. Nilimwandikia miaka miwili. Hakuja. Kihesabu cha wageni kilikuwa kinasoma 14 kwa siku, na kumi kati ya hao ni mimi nikiangalia kama picha zimekaa sawa.

#2 Fundi_Simu

Endelea mzee, nimevuta kigoda.

#3 Karani_wa_58

Aliyekuja alikuwa mtu wa tokeni, ile nambari unayopewa ukinunua stima.

Mwaka 2013 mama yangu, ambaye anaishi Kitengela, alikuwa amewekewa mita ya umeme ya kulipia kabla. Kila akinunua stima ananipigia: "Hii mashini imekataa tena." Nikachoka kueleza. Usiku mmoja nikaandika kama maneno mia tatu, bila picha hata moja. Tarakimu ni 20. Zigawanye nne nne kwenye karatasi. Mmoja asome kwa sauti, mwingine abonyeze. Ukikosea usiendelee kwa matumaini, futa uanze upya. Nikaichapisha ili tu nimtumie kiungo yeye peke yake.

Makala ile imesomwa kuliko zingine zote nikizijumlisha.

Sitaficha, niliichukia. Ya Kaloleni ilinila Jumamosi tatu na viatu. Hii ilinichukua dakika ishirini. Nilijiona kama mpishi aliyepika pilau, wageni wakasifu maji ya kunawa. Kwa miaka kadhaa sikuitaja kokote, wala sikuifungua kuona inaendeleaje, na hapo ndipo kosa lilipo.

Kwa sababu kwenye makala ile nilikuwa nimeandika, kwa uhakika kabisa, kwamba nambari ni moja tu, na ukiona nyingine kwenye ujumbe usihangaike nazo. 2013 hilo halikuwa na madhara. Sasa, mita hizi zilikuwa na namna yake ya kuhesabu muda: zilihesabu dakika tangu mwaka 1993, na nafasi ya hesabu hiyo ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Si Kenya tu, ni mita zote za mfumo huo duniani. Kila mita ilibidi isasishwe. Wakati huo ukinunua stima ulikuwa unaletewa nambari tatu: mbili za kwanza za kusasisha mita, ya tatu ndiyo yenye yuniti. Ukiziruka zile mbili, ya tatu inakataa.

Watu wakaenda kutafuta msaada kwenye simu zao, wakaletwa kwangu, na mimi, mzee wa 2013, nikawaambia wasihangaike na zile zingine.

Nilisoma maoni ya kwanza nikiwa ndani ya matatu. Yalisema: "Tumekaa giza tangu jana kwa sababu yako. Mtoto ana mtihani." Basi. Hakutukana, na afadhali angetukana. Nilishuka kituo ambacho si changu, nikasimama kando ya kibanda cha mahindi ya kuchoma, nikarekebisha makala kwa kidole gumba huku moshi ukiniingia machoni. Ilichukua dakika sita. Dakika sita ambazo ningezipata wakati wowote katika miaka kumi na moja.

Tangu hapo, kila Januari nafungua makala kumi zinazosomwa zaidi, niwe nazipenda au sizipendi, nazisoma kama mgeni. Juu kabisa naweka tarehe niliyoikagua mara ya mwisho.

#4 MtuWaTanga

Mkuu pole na hongera. Ila hiyo stima iliyopotea ilikuwa inatoka bandari gani? Huku kwetu stima ni meli 😂

#5 Karani_wa_58

Haya ndiyo maisha yangu, wadau, mnayaona.

Lakini umenifungulia mlango. Nilianza kwa Kiingereza, kama wengi wetu wa Nairobi tulivyofundishwa kwamba maandishi ya maana huvaa Kiingereza. Changu kilikuwa kimevaa tai, hakiwezi hata kukunja goti. Kilichonitoa huko ni soja wa jengo tulilokuwa na ofisi. Alisikia nina "gazeti la kwa simu", akaomba jina, akalifungua usiku akiwa zamu. Asubuhi alinisubiri getini na simu yake ndogo ya vitufe. Kwanza akanionyesha kwamba picha zangu zimemla bando yote kabla ukurasa haujafunguka. Pili akauliza, kwa adabu zote: "Karani, hii umemwandikia nani?"

Nilijua jibu: yule wa miwani na chai. Niliona haya kulitamka.

Hilo la picha nililitatua wiki hiyohiyo. Wengi wakati ule walikuwa wanasoma kwa Opera Mini, programu ya kufungulia tovuti ambayo hupitisha ukurasa kwenye seva zake na kuubana kabla haujafika kwenye simu, lakini hata yenyewe haifanyi miujiza ukiibebesha picha kumi zilizotoka moja kwa moja kwenye kamera. Nikaanza kuzipunguza zote kabla ya kupandisha. Mpaka leo, makala mpya huifungua kwanza kwa simu ya bei ndogo kuliko zote nyumbani, nikiwa nimezima waifai.

La lugha lilichukua muda. Nilihamia Kiswahili 2014, na ndipo majirani wa kusini wakanigundua. Nikaandika wali kwa minji, mtu akauliza minji ni mnyama gani. Ni njegere. Nikaandika ndengu, nikaambiwa ni choroko. Siku moja mtu akanichambua aya nzima, mstari kwa mstari, na kosa la upatanisho kila mstari. Nilimwandikia jibu refu lenye hasira kuhusu haki ya Kiswahili cha Nairobi kuishi. Sikulituma, nikalala nalo. Asubuhi niliona kati ya masahihisho yake tisa, saba yalikuwa halali na mawili ni tabia za kwao tu. Nikarekebisha saba.

Siku hizi mara ya kwanza naandika yote mawili, minji na njegere, kisha naendelea na langu. Stima siachi.

#6 MtuWaTanga

Stima tumekuachia. Minji hapana.

#7 Mama_Pacha

Kaka, mimi naandika Facebook tu lakini swali langu ni moja. Unawaandika majirani zako? Maana mimi hadithi zangu zote ziko hapa plotini, na naogopa.

#8 Karani_wa_58

Dada, umenigusa pabaya. Endelea kuogopa kidogo.

Kwenye lango la korti yetu, yaani kundi letu la nyumba, kulikuwa na mama mboga. Madeni alikuwa akiyaandika kwa chaki upande wa ndani wa mlango wa kibanda. Majina hakuandika, kwa heshima. Aliandika alama zake. *Kofia 60. Mwalimu 150. Mrefu wa juu 35. Gari Bovu 210.* Ukilipa, anafuta kwa kiganja kilicholowa maji ya sukumawiki, inabaki alama ya kijani. Mlango ule ulikuwa umejaa alama za kijani kama ukuta wa shule ya chekechea. Nikauona ni kitu kizuri ajabu, nikaupiga picha akiwa ameinama kukata mboga, nikaandika makala. 2015 hiyo. Ninavyojua mimi, ndiyo makala nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika.

Nilichapisha usiku. Kabla ya saa nne asubuhi ilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la korti. Hapakuwa na mtu asiyemjua Gari Bovu, kwa sababu tulikuwa tukimsukumia lile gari kila asubuhi. Alifika kibandani, akaweka noti ya 200 na sarafu ya kumi juu ya nyanya bila kusema neno, akaondoka, na kuanzia siku hiyo akawa anavuka barabara kununua kwingine. Kofia naye hivyohivyo.

Jioni nilipita kama kawaida. Mlango ulikuwa umeoshwa, mweupe, bado una majimaji. Mama aliendelea kukata mboga bila kuinua macho. Akasema: "Karani, mlango wangu umeuuza shilingi ngapi?"

Nikamwambia sijauuza, ni hadithi tu, watu wameipenda. Akasema: "Basi niambie wamelipa ngapi, maana mimi wamenilipa na kuhama."

Na hapo akafunga mkopo kwa kila mtu, mimi wa kwanza. Watu wanaoishi tarehe ishirini bila pesa wanajua maana yake. Kibanda kile kilikuwa kinakula kwa sababu kinakopesha. Nilifuta makala usiku uleule, lakini picha ya skrini ilikuwa tayari inazunguka kwenye makundi ambayo mimi simo. Nilimpelekea kilo mbili za sukari na kumwomba msamaha mbele ya binti yake. Sukari aliipokea. Deni hakunifungulia mpaka mwaka ukaisha.

Kwa hiyo dada, ninachofanya sasa ni kumsomea mtu kwa sauti, mdomo kwa sikio, kabla sijachapisha. Kumtumia kiungo hakutoshi, mtu atasema "sawa" bila kufungua. Ukimsomea, uso wake utakuambia. Wengi hukubali, na wengi hunisahihisha kitu ambacho nilikuwa nimekikosea kabisa. Wawili wamenikatalia. Moja ya hizo mbili ingekuwa makala tamu sana, na bado inaniwasha.

#9 Mama_Pacha

"Wamenilipa na kuhama." Mungu wangu. Ngoja nikafute kitu.

#10 KijanaWaRongai

Mzee tuseme ukweli sasa. Pesa iko? Na je, hamkamatwi?

#11 Karani_wa_58

Pesa. Niliweka matangazo ya Google. Hawakulipi mpaka ufikishe dola 100, nami nilizifikisha baada ya miaka miwili na ushee. Nikanunua viatu na kiti cha kuandikia. Kisha siku moja nikaandika kuhusu jamaa aliyeweka karo ya mtoto kwenye kamari, na chini ya aya ya mwisho pakatokea tangazo la kamari linalometameta. Niliyaondoa yote wiki hiyo. Usinione mtakatifu, zingekuwa dola elfu pengine ningefumba jicho.

Iliyoniletea pesa ni njia ya pembeni. Watu wawili watatu walisoma Kiswahili changu wakanipa kazi za kutafsiri, na mmoja bado ananipa. Mradi usifungue blogu kesho ukitegemea kodi ya nyumba.

Kukamatwa: sisi tulioanza zamani tulikuwa na hofu ya kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano, kile cha "matumizi mabaya" ya mitambo, kilichowapeleka wanablogu kadhaa mahakamani mpaka Mahakama Kuu ilipokifuta Aprili 2016. Halafu 2018 ikaja sheria ya makosa ya kompyuta, chama cha wanablogu, BAKE, kikaipinga mahakamani, na kesi ikawa ndefu. Mimi si wakili. Ninachokifanya ni kitu cha kishamba tu: makala niliyoandika nikiwa na hasira inalala usiku mmoja. Asubuhi nyingi naikuta haina maana.

#12 Fundi_Simu

Nakumbuka 2016 nilifungua blogu yako nikakuta viatu vya kike vinauzwa. Nikadhani umebadilisha biashara.

#13 Karani_wa_58

😂 Wengi walidhani hivyo. Shemeji yangu aliniuliza kama zipo namba 39.

Nilipotoka Blogger, nilimpa kijana mmoja kazi ya kunitengenezea tovuti ya WordPress yenye jina langu mwenyewe, la .co.ke. Kazi nzuri, sina ubaya naye. Ila jina alilisajili kwa jina lake na kwa barua pepe yake. Mimi nililipa, yeye ndiye aliyekuwa mwenyewe. Akapata kazi nje ya nchi, akabadilisha barua pepe, ilani za kulipia mwaka mwingine zikawa zinaenda mahali ambapo hakuna anayezisoma. Jina likaisha muda wake, likachukuliwa na mtu mwingine. Nafasi ya kuhifadhia tovuti ilikuwa kwa akaunti yake hiyohiyo, nayo ikafutwa.

Sikuwa na bekapu. Niliamini kitu kikiwa kwenye intaneti kiko salama, kama mtu anayeacha pesa kwa jirani kwa sababu jirani ana mbwa.

Kilichoniokoa ni Wayback Machine ya Internet Archive, ambao wamekuwa wakinakili kurasa za dunia tangu 1996. Wikendi nne mfululizo nilinakili makala moja moja kwa mkono. Kati ya 88 nilipata 61. Cha ajabu, maoni ya wasomaji yalikuwepo, hata yale ya mtu wa minji, lakini picha nyingi zilikuwa miraba mitupu yenye maelezo chini. "Bibi akianika nguo, Kaloleni." Mraba mtupu. "Dirisha la kwanza kushoto." Mraba mtupu. Zile picha za Jumamosi tatu hazikurudi, na baadhi ya madirisha yale yamekwisha kubadilishwa.

Kwa hiyo wewe Rongai na yule kijana wa ngazini: jina lisajiliwe kwa jina lako, na barua pepe ya usajili isiwe ile iliyo chini ya jina hilohilo, maana jina likifa barua pepe inakufa nalo na huwezi hata kupokea ujumbe wa kulifufua. Weka alama kwenye kalenda ya ukutani, usitegemee ilani. Na ukitumia WordPress, ile faili moja inayokupakulia makala zote ni ya maandishi na viungo tu. Picha zenyewe hazimo. Nililigundua hili nikiwa tayari najipongeza. Folda ya picha inabidi uinakili kando. Halafu mara moja kwa mwaka jaribu kuirudisha bekapu kwenye tovuti ya majaribio uone kama inafunguka.

Lingine la kupita: msijenge kila kitu juu ya chombo cha mtu. Google Reader, chombo cha kusomea blogu nyingi mahali pamoja, ilipofungwa Julai 2013 nilipoteza wasomaji ambao sikuwahi kujua ni nani, kwa sababu walikuwa wananisomea huko. Sasa nina orodha ya barua pepe ya watu 212. Nikiwaandikia, kama ishirini hunijibu.

#14 KijanaWaRongai

Na yule wa miwani na chai, alikuja?

#15 Karani_wa_58

Kuna mama mmoja aliniandikia kutoka Doha, anafanya kazi za nyumbani huko. Alizaliwa Kaloleni. Alisoma ile makala yote, maneno elfu mbili, kwa simu, usiku baada ya kazi, kwa siku nne. Akaniambia nimekosea upande wa bomba la maji. Sijui kama ana miwani.

#16 Mgeni_mpya

Samahanini ndugu zangu, naona mnaongea mambo mengine. Nimetafuta "tokeni inakataa" nikaletwa hapa. Nyumba ya marehemu baba ilikuwa imefungwa tangu 2023, leo nimenunua stima na mita inakataa. Nina nambari tatu. Naingiza ya mwisho.

#17 Karani_wa_58

Karibu, na pole kwa msiba. Usianze na ya mwisho. Anza na ya kwanza, yote 20, subiri mita ikubali. Kisha ya pili. Ya yuniti iwe mwisho kabisa. Una mtu wa kukusomea?

#18 Mgeni_mpya

Niko na mtoto wa dada yangu.

#19 Karani_wa_58

Asome nne nne, kwa sauti. Wewe bonyeza.

#20 Mgeni_mpya

Ya kwanza imekubali.